Mkuki wa Mirambo na jicho la mdogo wake (Sehemu ya 11)

Wale mlioniuliza mbona kimya wiki mbili, nilikuwa likizo Tura kwa mama yangu. Nimerudi na habari ambayo nimesitasita sana kuiandika, kwa sababu kosa ni langu. Nesi mzima, diploma ukutani. Lakini toka sehemu ya kwanza niliwaambia hapa sisemi ya wodini tu, na ya nyumbani kwangu nasema. Leo ni zamu yangu kukaa kwenye benchi la wagonjwa.

Kwa wasioijua, Tura iko Uyui, mkoa wa Tabora, kwenye reli ya kati ukielekea upande wa Itigi. Enzi za misafara ya kutoka Bagamoyo, wapagazi walivuka kwanza Mgunda Mkali, lile pori refu la kiu, na wakitoka humo Tura ndiyo ilikuwa mlango wa Unyamwezi. Hapo wanapata maji, chakula, na watu wa kuongea nao. Siku hizi ni kijiji kama vijiji vingine vya kwetu: karanga, tumbaku, asali kwenye chupa za maji, na watoto wa mjini wanaoletwa kwa bibi zao shule zikifungwa.

Wangu wawili walikuwepo. Mkubwa yuko darasa la tano, mdogo wake ana miaka mitatu. Mkubwa bwana, muhula huu kichwa chake chote kimejaa Mirambo. Mtemi wa Urambo, ruga-ruga wake, vita yake na Waarabu wa Tabora iliyoanza 1871, mpaka na yule Stanley akajikuta humo ndani. Halafu mama yangu naye kila jioni anamwongezea za kwake, zile ambazo hazimo kwenye kitabu. Basi mtoto akasema anatengeneza vita yenyewe, pale uani, chini ya mwembe.

Jeshi lilitoka gulioni: pakiti mbili za wale wanajeshi wadogo wa plastiki, wa kijani, urefu wa kidole. Tatizo wote wameshika bunduki za kisasa. "Mama, ruga-ruga hawakuwa na hizi." Ni kweli, wao walikuwa na magobole na mikuki. Akachukua wembe wangu (tukagombana kwanza, kisha nikamkatia mwenyewe), bunduki zote zikakatwa, na kila askari akatakiwa apate mkuki wa waya au gobole la msumari mdogo. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta namna ya kuunga plastiki na chuma.

Nilidhani ni jambo dogo. Nikamtuma dukani akanunua supa gluu ya shilingi mia tano, nikamwekea matone mimi mwenyewe. Mkuki ukashika. Dakika tano baadaye askari akaanguka, mkuki ukabanduka safi kama haujawahi kuguswa. Tukarudia, tukaongeza gundi, ikawa mbaya zaidi: ikatengeneza ute mweupe, haikauki, na ilipokauka ikakatika kama kioo. Mara ya tatu mtoto alikaribia kulia. Nikamwambia gundi ni feki. Ndivyo tunavyosema wote, si ndiyo?

Siyo feki. Jirani yetu mmoja ni fundi wa redio na simu, ana meza yake njia ya kwenda stesheni. Mtoto akambebea askari wake kwenye kopo, na mimi nikamfuata maana nilikuwa sina la kufanya. Yule mzee akawatazama kama daktari anavyotazama wagonjwa wa foleni. Akasema, "Mama, hivi vitu viwili havijuani. Lazima uvikutanishe kwanza."

Nawapa alichotufundisha, maana najua wengi mna watoto wa magari ya waya na ndege za makopo, na mnaitwa kila siku "mama niunganishie".

Kwanza, uso laini haushiki. Waya mpya una mafuta ya kiwandani, na ule mwanasesere wa plastiki naye ana utelezi wa kalibu alikotolewa. Waoshe kwa sabuni, wakauke kabisa, halafu kwaruza kidogo kwa msasa pale panapoungwa, pande zote mbili. Pili, siyo kila plastiki inakubali. Ile inayoteleza kama nta, ya madumu na vifuniko vya chupa, inakataa supa gluu hata umwage chupa nzima. Kwa hiyo matairi ya vifuniko usihangaike nayo, toboa katikati upitishe waya. Plastiki ngumu inayolia ukiigonga kwa ukucha ndiyo inashika vizuri. Tatu, gundi kidogo. Tone dogo kuliko punje ya mtama. Ikiwa nyingi haikauki katikati, ndiyo ule ute wetu.

Nne ndiyo iliyomaliza kazi. Usitegemee gundi peke yake kubeba chuma. Fundi alipasha sindano kwenye moto, akatoboa ngumi ya askari, akapitisha waya ukatokea upande wa pili, ndipo akatia gundi. Sasa mkuki umeshikwa na tundu, gundi kazi yake ni kuzuia usicheze tu. Nikakumbuka mifupa. Mfupa uliovunjika vibaya hatuuungi kwa plasta tu, daktari anapitisha chuma ndani. Baadaye mjomba wao alimwonyesha mtoto kwenye simu wazee wa Uingereza wanaocheza vita vya mezani na wanajeshi wadogo kama hawa. Mchezo wa siku nyingi huo, H. G. Wells aliuandikia kitabu tangu 1913. Na wao wanafanya vilevile, wanatoboa kwa keekee ndogo ya mkono, wanaingiza kipande cha waya, halafu gundi. Mtoto akacheka, "Mama, wamemwiga babu fundi!"

Sindano ya moto ni kazi ya mkubwa. Nimehudumia vidole vya kutosha.

Na jambo moja kuhusu chuma kabla sijaendelea. Kuna watoto wanavunja betri mbovu za gari watoe risasi ya ndani, wanaiyeyusha kwenye kopo ili wapate uzito wa kuweka kwenye magari yao. Mama, hilo hapana. Risasi ni sumu, mvuke wake na vumbi lake vinaingia mwilini, na kwa mtoto zinaathiri ubongo unaokua. Haina harufu ya kukuonya. Waya, misumari, bati la kopo lililokunjwa makali yake, vinatosha.

Sasa nije kwenye gundi yenyewe.

Ilikuwa Julai, kiangazi, ule upepo mkavu wa vumbi. Fundi akamwambia mtoto kwamba kiangazi gundi hii inachelewa, basi ukishaunga, ipumulie kidogo kama unavyopumulia kioo. Nikashangaa. Mimi miaka yote nilidhani supa gluu inakauka kwa hewa, kama rangi. Kumbe inagandishwa na maji. Unyevu kidogo tu ulioko hewani au juu ya kitu ndio unaoifanya ishike. Ndiyo maana mahali pakavu inasuasua, na kwenye vidole vyako vyenye jasho inashika kabla hujasema "mama yangu". (Ila kupumulia nako kuna adabu yake, mdomo uwe mbali. Midomo ina maji kuliko kitu chochote pale mezani.)

Sasa fikirini, ni sehemu gani ya mwili yenye maji muda wote?

Mdogo macho yalikuwa mekundu siku mbili kwa lile vumbi, yana tongotongo. Nilikuwa na tyubu ya dawa ya macho ya kupaka, tetrasaiklini, mnaijua, ile ndogo ya bati yenye mdomo mrefu. Nikawa nampaka asubuhi na jioni. Nikimaliza naiweka kwenye kopo la juu ya kabati la mama, mbali na watoto, najiona mwerevu. Na supa gluu, kwa sababu mkubwa alishaanza kuichukua bila ruhusa, nikaiweka wapi? Kwenye kopo hilohilo. Tyubu ndogo ya bati yenye mdomo mrefu.

Jioni ya Alhamisi nilikuwa uani nasonga ugali. Mama akaniambia, "Wewe maliza, mimi nampaka mjukuu wangu dawa." Taa ya sola ilikuwa imeshaanza kufifia. Macho ya mama yangu si ya zamani. Na mimi nikajibu, "Sawa mama, iko kwenye kopo."

Nilisikia kilio, halafu nikasikia sauti ya mama, ile sauti ambayo sijaisikia tangu msiba wa baba. "Njoo! Njoo! Hii dawa ni maji!"

Mtoto alikuwa amefumba jicho la kulia na halifunguki. Kope za juu na za chini zimekuwa kitu kimoja, kama ukingo wa shati lililopigwa pasi. Anajaribu kulivuta kwa mkono. Mama ameshika tyubu, anatetemeka, ananitazama mimi kwa sababu mimi ndiye nesi.

Nitasema ukweli. Kwa sekunde kadhaa sikujua chochote. Miaka tisa wodini ikafutika. Kitu cha kwanza mikono yangu ilichotaka kufanya ni kulifungua lile jicho kwa nguvu. Kilichonizuia ni yule mkubwa, amesimama mlangoni na askari wake mkononi, akasema taratibu, "Mama usivute, plastiki inabanduka na ngozi yake." Alikuwa ameona askari wangapi wakibanduka na kipande cha mwili. Akaniamsha.

Nikamlaza mtoto kwenye mapaja ya mama, mikono yake tukaifunga ndani ya khanga asijikune. Nikachukua maji yaliyochemshwa, yakiwa ya uvuguvugu, nikaanza kumwagia jicho polepole kutoka upande wa puani kwenda nje, ili yasiingie kwenye jicho zima. Dakika kama kumi na tano, nikihesabu kwa sauti ili nisilie.

Majirani wakafika, si mnajua kijiji. Mmoja akasema mafuta ya taa. Mwingine akasema petroli, maana fundi pikipiki anatolea gundi kwa petroli. Shangazi yangu akasema maziwa ya mama, na palikuwa na mama anayenyonyesha yuko tayari kabisa, Mungu ambariki kwa nia yake. Binti mmoja akakimbilia dawa ya kufutia rangi ya kucha. Huyu wa mwisho alikaribia ukweli, maana ile dawa ikiwa na asetoni inayeyusha supa gluu kwenye vidole. Lakini kwenye jicho inaunguza. Nikawashukuru wote, nikakataa vyote. Ni ngumu, mama zangu, kumkatalia shangazi yako mbele ya watu, na huku moyoni huna uhakika kama mwanao ataona.

Kuna aliyeniuliza pale pale, na ni swali zuri: kama maji ndiyo yanaigandisha, mbona unamwagia maji? Kwa sababu ile iliyokwisha kushika imeshashika, maji hayaizidishii kitu. Ile ambayo haijagusa jicho bado unaiosha au unaigandisha ikiwa nje. Na gundi ikishakuwa ngumu haiwezi kukaa juu ya mwili milele: ngozi inajivua yenyewe kila siku, machozi yanasukuma kwa ndani, inaachia. Mwili una subira kuliko sisi.

Nikampigia mwenzangu wa kliniki ya macho mjini. Akaniambia funika kwa shashi safi yenye maji, usiweke pamba, mlete asubuhi mapema. Pamba nilikuwa nimeshaishika! Hili wengi hatulijui: supa gluu nyingi ikikutana na pamba, au nguo ya pamba, inachemka ghafla, inaweza kuunguza ngozi na hata kutoa moshi. Ukimwagikiwa kwenye sketi ya pamba, ivue.

Usiku ule hakuna aliyelala isipokuwa mgonjwa mwenyewe. Mama yangu alikaa kwenye mkeka hadi alfajiri, kila baada ya muda ananiuliza, "Atapofuka?" Namjibu, "Hapana mama." Halafu natoka nje nasimama chini ya mwembe kati ya jeshi la Mirambo, najiuliza na mimi. Hakunilaumu hata kidogo. Ningependa angenilaumu. Alijilaumu yeye, eti macho yake na uzee wake, na kila nikimwambia ni mimi niliyeweka vitu viwili kwenye kopo moja ananiambia nyamaza.

Asubuhi tukapata lifti hadi Tabora. Kliniki ya macho wakamlaza, wakazipunguza kope kwa mkasi mdogo, kidogo kidogo, gundi kubwa ilikuwa kwenye kope. Jicho halikufunguliwa kwa nguvu. Wakatupa dawa ya kupaka kwenye kope na miadi ya kesho yake. Jumamosi asubuhi pembe moja ikaachia. Jumapili jicho likafunguka lote, jekundu, linatoa machozi, na la kwanza alilosema ni kwamba anataka chapati. Wakamtia ile dawa ya rangi inayoonyesha mikwaruzo, wakakuta mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha jicho, pale kipande kigumu cha gundi kilipokuwa kinasugua. Antibaiotiki, na kurudi kuonwa. Wiki iliyofuata mkwaruzo haupo. Anaona.

Daktari aliniambia kope zilizoungana kwa gundi hii kwa kawaida huachia ndani ya siku moja hadi nne, na mara nyingi madhara makubwa hutoka kwa mikono ya waliojaribu kusaidia. Lakini msisome hapo mkaelewa kwamba mnaweza kukaa nyumbani. Jicho ni la kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu ule mkwaruzo wa ndani huuoni wewe.

Kwa vidole vilivyoungana: maji ya uvuguvugu yenye sabuni, loweka, halafu zungusha kalamu katikati kama unasukuma chapati, usivute moja kwa moja. Mafuta ya kupikia yanasaidia. Midomo ikishikana: maji ya uvuguvugu kwa nje, na mtoto asukume kwa mate kwa ndani. Akimeza tone, mara nyingi linaganda mdomoni kabla halijafika popote, hatari yake ni kumpalia kipande kikibanduka, kwa hiyo mweke ameketi, mtazame, mpeleke.

Na jambo la vidonda, kwa sababu fundi zetu wana tabia ya kujiziba mikato kwa supa gluu, na nimeona mama akimfanyia mtoto. Ni kweli ziko gundi za ukoo huu zinazofunga majeraha hospitalini, nimezitumia. Historia yake ndefu: mkemia wa Kodak, Harry Coover, aliikuta mwaka 1942 wakitafuta plastiki ya kioo cha kulengea bunduki, wakaitupa kwa sababu inanata kila kitu. Ikakumbukwa tena 1951, ikauzwa 1958. Lakini ile ya hospitali imetengenezwa tofauti, ni safi, na haiichomi nyama. Ya dukani ni ya mkuki wa Mirambo.

Mlioniuliza kama nimempiga marufuku mkubwa kuunga vitu vyake: hapana. Angefanya kwa kujificha, na ya kujificha ndiyo hayo tunayapokea usiku. Supa gluu sasa inakaa kwa fundi, kwenye meza yake, pamoja na misumari. Mtoto anakwenda na askari wake kwenye kopo, anaketi kwenye kigoda, anavaa miwani ya jua ya bibi yake ambayo ni kubwa kuliko uso, fundi anatoboa, yeye anatia tone. Dawa ya macho inakaa peke yake, na nimezungushia utepe mwekundu kwenye tyubu, unaoonekana hata kwa taa ya sola. Mama ameniomba nizungushie na dawa zake za presha. Nimezungushia.

Mirambo mwenyewe bado hajakamilika. Mkuki wake ni mrefu kuliko wa wengine wote, wa spoku ya baiskeli, na anaanguka mbele kwa uzito. Wanafikiri kumuungia miguu kwenye kifuniko cha soda.

Maswali ya macho ya watoto yaandikeni hapa chini, nitayapitia nikitoka zamu kesho. Ila kama unasoma hii na gundi iko jichoni mwa mtoto sasa hivi, usisubiri jibu langu. Maji ya uvuguvugu, mikono ndani ya khanga, na utoke.